Kwa mnaoanza kusoma riwaya za siri za ukoo

Wadogo zangu mliojiunga na kikundi chetu cha kusoma hapa Moshi, wengi wenu mnazifungua riwaya za kigothiki, yaani hadithi za hofu na siri katika nyumba kuukuu, mkitafuta mizimu. Katika riwaya za kisasa za aina hii, ichunguzeni nyumba kwanza: nani anashika funguo, chumba kipi hakifunguliwi, jina la nani likitajwa watu hubadilisha mazungumzo.

Chukueni The Shadow of the Wind ya Carlos Ruiz Zafón (2001) na The Thirteenth Tale ya Diane Setterfield (2006). Moja iko Barcelona, nyingine Uingereza, lakini wasimulizi wote wawili, Daniel na Margaret, ni watoto wa wauza vitabu. Wote wanavutwa na mwandishi ambaye maisha yake ni fumbo, na kila wakifukua maisha yake wanagusa kidonda chao wenyewe: Daniel alifiwa na mama angali mdogo, Margaret alizaliwa pacha na mwenzake akafa. Hapo kaeni sana. Msimulizi asiye na pengo lake hana cha kumsukuma kuingia katika siri za wengine.

Moto nao haukosekani. Kwa Zafón vinaungua vitabu, kwa Setterfield inaungua nyumba, kama jumba la Manderley lilivyoungua katika Rebecca ya Daphne du Maurier (1938). Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia (2020) ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inauliza mali ilitoka wapi: ukoo wa Kiingereza ulitajirika kwa mgodi wa fedha ambamo wafanyakazi wengi walikufa.

Sisi tunaopanda mlimani kila Desemba kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, tunajua ardhi na nyumba vinavyoweza kubeba ugomvi wa urithi. Tunajua pia kwamba siri ya ukoo kwa kawaida wazee wote wanaijua. Wasiojua ni watoto na wakwe wapya. Someni mkiwa na jambo hilo akilini. Wahakiki wengi humwangalia mno anayegundua, wakamsahau aliyenyamaza miaka yote: Nuria Monfort kwa Zafón, mwanamke aliyemjua yule mwandishi wa fumbo, mtunza nyumba na mtunza bustani kwa Setterfield. Kwangu mimi hao ndio wanaoibeba hadithi.

Anzeni na Setterfield, msuko wake unashikika kirahisi zaidi. Tukikutana, kila mmoja aje na ukurasa mmoja ambapo mtu anayeijua siri karibu aitoe, akajizuia.