Mizani isikae koridoni

Mmeuliza wiki hii kama kumwambia mtu "umekuwa bonge" kunamsaidia apungue. Hakumsaidii. Tafiti zimeonesha kuwa anayedharauliwa kwa unene huelekea kuongezeka uzito: msongo humfanya ale kupita kiasi, na aibu humfanya akwepe mazoezi, hata hospitali. Ila mimi linaloniuma ni lingine: yanayotendeka pale mizani, kabla mgonjwa hajasema kilichomleta.

Kuna mama mmoja simsahau. Alikuja kwa kuwa hapati usingizi usiku na hana raha na chochote. Mizani ilikuwa koridoni, mbele ya benchi la wanaosubiri. Muuguzi akasoma kwa sauti: "Mia moja na kumi na nne!" Benchi likaguna. Akafungwa mkanda wa presha wa kawaida, ule wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34. Mkanda ukaachia, ukafungwa tena kwa kulazimishwa. Kifuko cha hewa kinatakiwa kizunguke asilimia 80 hivi ya mkono; kikiwa kifupi, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Kwa anayehitaji mkanda mkubwa kuliko yote, wa kawaida unaweza kuzidisha namba ya juu kwa karibu 20, na huo ndio mwanzo wa dawa asizozihitaji. Mkanda mpana ulikuwa kwenye droo. Mama akaambiwa apunguze kula, akaondoka, hakurudi. Usingizi wake hakuna aliyeuuliza, wakati kuichunguza sonona, ugonjwa wa huzuni na kukosa raha usioisha, huanza na maswali mawili tu: wiki mbili hizi, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa?

Nilianza kuandika nikitaka kusema mizani itupwe. Siwezi. Dozi za watoto hupigwa kwa kilo, na mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo 2 ndani ya siku chache, huenda ni maji yanajaa mwilini. Basi ibaki, lakini chumbani, mlango umefungwa. Mgonjwa aombwe ruhusa kwanza, aelezwe uzito unatafutiwa nini, asimame ameipa namba mgongo akitaka, nayo iandikwe bila kutamkwa. Mwenye historia ya kujinyima chakula au kujitapisha apimwe kwa makubaliano na anayemtibu, maana kwake namba moja tu inaweza kuyarudisha yote.

Foleni ni ndefu, najua. Ila kufungua droo na kutoa mkanda mpana hakumalizi dakika.