Mfalme, tembo na mamilioni ya Geneva: maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niliandika juu ya Juan Carlos, mfalme mstaafu wa Hispania, ambaye tangu Agosti 2020 anaishi Abu Dhabi. Barua zilizokuja ni nyingi. Nimechukua tano zinazogusa kiini cha jambo.

Kuwinda tembo ni dhambi gani? Wakubwa wanawinda tangu enzi na enzi. (Msomaji, Dodoma)

Ndugu yangu, tazama ilikuwa lini. Aprili 2012 Hispania ilikuwa imebanwa koo na madeni. Karibu mtu mmoja kati ya wanne wanaotafuta kazi hakuwa nayo, na kwa vijana ni zaidi ya nusu. Majuma machache nyuma mfalme mwenyewe alisema ukosefu wa ajira kwa vijana unamnyima usingizi. Kisha akaenda Botswana kuwinda tembo, akaanguka kambini, akavunjika nyonga, akarudishwa Madrid kwa ndege. Bila mvunjiko ule wananchi wasingejua kwamba hayupo nchini. Na alikuwa rais wa heshima wa WWF tawi la Hispania, shirika la kulinda wanyama! Julai ile wanachama wakakifuta cheo hicho.

Alipotoka chumbani hospitalini, ameegemea magongo, alisema mbele ya kamera: "Samahani sana. Nimekosea, na haitatokea tena." Kwa Kihispania ni maneno kumi na moja tu. Kumbuka huyu ndiye aliyesimama kwenye televisheni usiku wa Februari 1981, saa saba imeshapita, amevaa sare za kijeshi, akiwakataa maofisa waliokuwa wameliteka bunge kwa bunduki. Watu walimpenda kwa usiku ule mmoja kwa miaka thelathini. Ndiyo maana Botswana iliwauma. Juni 2014 aling'atuka, akamwachia mwanawe Felipe.

Nilipanda treni ya Haramain kutoka Makka hadi Madina, nikaambiwa mfalme wa Hispania alikula asilimia kumi humo. Ni kweli? (Msomaji, Unguja)

Taqabbal Allah. Treni hiyo kweli ni kazi ya Wahispania. Muungano wa kampuni zao ulipata mkataba mwaka 2011, na inakimbia kilomita 300 kwa saa.

Fedha nazo zipo, ila tuziseme kwa uangalifu. Mwaka 2008 dola milioni 100 kutoka Saudia ziliingia katika akaunti ya benki moja ya Geneva, Uswisi, kwa jina la taasisi iliyoandikishwa Panama, na mnufaika wake alikuwa Juan Carlos. Mwaka 2012, miezi michache baada ya Botswana, euro milioni 65 zilihamishiwa kwa mwanamke aliyekuwa naye kwenye safari ile ile. Mwendesha mashtaka wa Geneva alichunguza kwa miaka kadhaa kama ilikuwa kamisheni ya reli. Desemba 2021 alifunga jalada, kwa kuwa uhusiano kati ya fedha na mkataba haukuthibitika. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba alikula asilimia kumi. Mwambie alipokea dola milioni 100 na wananchi wake hawakuambiwa kitu.

Mbona hakufikishwa mahakamani? Mimi nikichelewesha kodi ya duka nafungiwa. (Msomaji, Nakuru)

Swali hili ndilo lililonikosesha raha nilipokuwa nikisoma habari hizi.

Katiba ya Hispania ya 1978, kifungu cha 56, inasema nafsi ya mfalme haiguswi wala haiwajibiki. Kinga hiyo ilikuwa na maana yake. Kifungu cha 64 kinataka matendo ya mfalme yathibitishwe kwa sahihi ya waziri mkuu, au waziri, na anayetia sahihi ndiye anayebeba lawama. Mfalme hashtakiwi kwa sababu kuna mtu mwingine wa kushtakiwa badala yake. Mimi naona mpango huo una busara.

Sasa niambie, ni waziri gani aliyetia sahihi kwenye akaunti ya Geneva? Hakuna. Basi hakukuwa na wa kujibu, si mfalme wala waziri. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya kazi ya nchi ikafunika mfuko wa mtu. Machi 2022 waendesha mashtaka wa Hispania nao walifunga majalada. Ya kabla ya Juni 2014 yalikingwa na katiba, mengine muda wake wa kisheria ulikwisha, na kodi iliyobaki alikuwa ameshailipa, euro 678,393 mwishoni mwa 2020 na milioni 4.4 hivi mapema 2021. Alilipa wakati magazeti yameshaandika kila kitu. Wewe wa duka la Nakuru hupewi nafasi hiyo, na uchungu wako ni wa haki.

Na yule binti yake na mumewe? (Msomaji, Mombasa)

Mume, Iñaki Urdangarin, alihukumiwa kwa fedha za umma zilizopitia Nóos, taasisi aliyokuwa akiiongoza, na Juni 2018 aliingia jela kutumikia miaka mitano na miezi kumi. Binti, Cristina, aliachiwa huru, lakini mwishowe alitakiwa kurudisha euro 136,950 alizonufaika nazo. Nduguye, Mfalme Felipe, alikuwa ameshamvua cheo chake cha heshima cha Duchesi wa Palma mwaka 2015.

Mimi nakumbuka mteremko. Mahakama ya mji wa Palma, walikohojiwa, ina njia ya kushuka kuelekea mlango wa nyuma, na mume aliitembea kwa miguu, kamera zikimmulika. Februari 2014, zamu ya Cristina ya kuhojiwa na jaji ilipofika, nchi nzima ilibishana: atatembea au atapitishwa kwa gari? Akapitishwa kwa gari hadi karibu na mlango, sababu ikatajwa kuwa ni usalama. Ni hatua chache tu, lakini watu walizihesabu.

Felipe alimkana babake. Mtoto anaweza kufanya hivyo? (Msomaji, Iringa)

Hakumkana. Machi 15, 2020 alitangaza kwamba hataki urithi wowote wa babake, akamkatia posho ya zaidi ya euro 194,000 kwa mwaka. Kisheria ni ahadi tu, maana sheria ya Hispania hairuhusu kuukataa urithi wa mtu aliye hai. Siku tatu baadaye alihutubia taifa kuhusu korona, na watu waliofungiwa majumbani wakatoka vibarazani kugonga masufuria, wakidai zile milioni 100 zipelekwe hospitali.

Nampa heshima yake kwa kukata posho ya mzazi wake. Lakini kifungu cha 56 bado kinasomeka vile vile. Oktoba 31, 2023, siku alipotimiza miaka 18, bintiye Leonor, mrithi wa kiti cha ufalme, alisimama bungeni akaapa kuilinda katiba hiyo, kifungu hicho kikiwemo.