Re: mko wanne, hakuna aliyewahi kuongoza gemu ya kuigiza wahusika (RPG), mnaanzaje?

Mnaanza tu, msisubiri mtu mwenye uzoefu. Wanne wanatosha kabisa, mmoja anakuwa msimulizi anayeongoza hadithi, watatu wanacheza wahusika, mnakutana kwa sauti kwenye app ya Discord, na dadu mnarusha kwenye Roll20, tovuti ya kuchezea gemu hizi, ambayo akaunti yake ya kawaida ni bure. Kama mnataka Dungeons & Dragons, gemu maarufu ya aina hii, msinunue kitu kwanza, sheria za msingi zipo bure mtandaoni, na tangu 2023 sehemu kubwa ya sheria za toleo la 5 iko chini ya leseni ya Creative Commons, yaani yeyote anaweza kuzitumia bure.

Msimulizi asiandike dunia nzima jamani, hapo ndo wengi wanachokea kabla hata ya siku ya kwanza. Sehemu moja na tatizo moja vinatosha. Mfano, "mlango umefungwa, nyuma yake mnasikia mtu anakohoa, mnafanyaje?" Mmoja anasema nauvunja, anarusha dadu ya pande 20, inatoka 14, anaongeza 3 ya nguvu za mhusika wake inakuwa 17, msimulizi alishaweka 15 kuwa namba ya kufikia, basi mlango umeanguka na kila mtu anapiga kelele kwenye maiki. Gemu ndo hiyo.

Ila kubalianeni siku na saa mapema, na ni vitu gani hamtaki viingie kwenye hadithi. Mara ya kwanza muda wa saa mbili au tatu unatosha, hadithi iishe siku hiyohiyo, mkinogewa ndo muanze kampeni ndefu, yaani hadithi moja inayoendelea kila mkikutana.