Re: Vifaranga wa kambare wanakufa siku ya nne

Habari mkuu. Unasema vifaranga wanatotolewa vizuri, ila kuanzia siku ya nne wanakufa wakati artemia (vijidudu vidogo vya kulisha vifaranga) wamejaa kwenye beseni. Kwanza mulika beseni kwa tochi. Artemia hai ni vidoa vya rangi ya chungwa vinavyocheza. Waliolala chini wamepauka wameshakufa. Hao ni viumbe wa maji ya chumvi, kwenye maji yako yasiyo na chumvi hawadumu zaidi ya saa moja hivi, halafu wanaoza na maji yanachafuka. Kujaza artemia asubuhi na jioni ndiko kunakoua. Lisha kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, usiku pia, na ufyonze mabaki kwa mpira mwembamba kabla ya mlo unaofuata. Tazama tumbo la kifaranga: likiwa na rangi ya chungwa, amekula.

Jambo la pili ni maganda ya mayai ya artemia. Kifaranga akiyameza yanaziba utumbo. Zima pampu ya hewa dakika 10, maganda yaelee, mulika chini ya chupa ya kutotoleshea artemia, vuta artemia kutoka chini, wasuuze kwa maji safi ndipo ulishe.

Kutotolesha artemia: lita 1 ya maji, chumvi gramu 25 hadi 30, mayai gramu 2, hewa ya nguvu isiyokatika, taa, nyuzi joto 28, saa 24. Kwa baridi ya usiku ya Dodoma Juni na Julai, bila hita watachelewa na wengi hawatatoka kabisa.

Maji ya bomba yapulizie hewa siku nzima kwanza, klorini itoke.