Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha gama juu ya lami nyembamba

Swali: Tumeweka lami ya milimita 40 juu ya murramu iliyochanganywa na simenti. Kipimo cha mionzi, kinachopima densiti (uzito kwa ujazo), kinasoma kilo 2,230 kwa meta ya ujazo, lakini vipande tulivyokata hapo hapo vinakaribia 2,260. Tumerudisha rola mara nne, namba haisogei. Kipimo kimeharibika? — Fundi maabara, Mbarara

Jibu: Kwanza simamisheni rola. Lami iliyopoa haishindiliki tena. Mtavunja kokoto bure.

Kipimo ni kizima, ila kinasoma lami na murramu kwa pamoja. Fimbo ya chanzo isiposhushwa shimoni, miale ya gama ya siziamu-137 (chanzo cha mionzi kilicho kwenye fimbo) huingia chini, hugonga elektroni, na baadhi hurudi kwenye vihesabio. Tabaka likiwa zito, inayorudi ni michache. Kwenye milimita 40, baadhi hufika kwenye murramu kabla ya kurudi.

Dawa ni hesabu. Densiti ya murramu ipimwe kabla lami haijamwagwa, na sehemu iwekewe alama. Kitabu cha kipimo kina jedwali la mgawo wa tabaka la chini, yaani sehemu ya usomaji inayotoka kwenye murramu, kulingana na unene wa lami. Tuseme mgawo ni 0.2 na murramu ni 2,100. Zidisha: 420. Toa kwenye 2,230, inabaki 1,810. Gawa kwa 0.8, unapata 2,263. Hiyo ndiyo lami yenu, na vipande vinakubali. Unene upimeni kwenye vipande hivyo, msiutoe kwenye mchoro: lami ikiwa 30, mgawo unapanda.

Murramu nyekundu ina chuma, na chuma humeza miale dhaifu, kwa hiyo huonekana nzito kuliko ilivyo. Ihakikisheni kwa njia ya kujaza shimo mchanga.

Hewa chini ya kipimo nayo hushusha namba. Pakeni mchanga laini kidogo, mkwangue hadi vichwa vya kokoto vionekane. Someni dakika moja, geuzeni kipimo nyuzi 90, someni tena, chukueni wastani.

Swali: Chanzo cha mionzi cha zamani kinadanganya? — Msomaji, Soroti

Jibu: Siziamu-137 hupungua nusu kwa miaka 30 hivi, yaani asilimia 2 na ushee kwa mwaka. Ndiyo maana kila asubuhi unahesabu miale juu ya tofali la plastiki la kipimo, meta 3 kutoka ukutani na 10 kutoka kipimo kingine, kisha kila hesabu ya barabarani inagawanywa kwa hiyo. Ukitumia hesabu ya mwaka jana, lami yote itaonekana nzito.