Nimebadilisha kadi ya wifi, ruta ya hosteli imenikataa

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi hapa Iringa, leptopu yangu ina Ubuntu, kadi ya wifi ilikufa nikawekewa nyingine. Sasa shida ni kwamba ruta ya hosteli inaruhusu mashine zilizoandikishwa tu na msimamizi kasafiri, na mi nishalipia muhula mzima. Nikataka kuipa kadi mpya anwani ya MAC (namba ya utambulisho ambayo ruta inaijulia kadi) ya ile ya zamani, nikatumia komandi ya ip link ikanijibu "Device or resource busy". Nikazima wifi kwanza ikakubali, ila ile kuunganisha tu, anwani ikarudi ya kiwandani! Nakosea wapi? Na kadi haitaharibika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kadi haiharibiki, ondoa hofu kabisa. Anwani ya kiwandani imehifadhiwa ndani ya kadi yenyewe, hiyo huigusi, unachobadilisha ni ile ambayo kaneli ya Linux (kiini cha huo mfumo wako wa Ubuntu) inaitumia kwa sasa, ukizima mashine ukawasha inasahaulika. Andika `ethtool -P wlp2s0` utaiona ile ya asili iko palepale (hiyo wlp2s0 ni jina la kadi, lako litazame kwa `ip link`).

Kwenye komandi hujakosea. Ilikujibu busy kwa sababu kadi ilikuwa kazini, ukaizima ikakubali, mpangilio wake ndo huu:

`sudo ip link set wlp2s0 down`
`sudo ip link set wlp2s0 address 00:00:5e:00:53:2a`
`sudo ip link set wlp2s0 up`

Hiyo anwani ni ya mfano, weka ya kadi yako ya zamani, mara nyingi imebandikwa kwenye kikaratasi juu ya kadi yenyewe kwa hiyo kama fundi alikurudishia usiitupe. Ukiangalia tena `ip link` utaona mpya mbele ya neno link/ether, na kwenye matoleo ya karibuni ile ya asili inakaa pembeni yake imeandikwa permaddr.

Anayekuvurugia ni NetworkManager, programu inayosimamia mitandao. Kwenye Ubuntu huyo ndo mwenye wifi, wewe umebadilisha bila kumwambia, yeye akija kuunganisha anaweka anwani anayoijua yeye. Basi mwambie yeye mwenyewe. Andika `nmcli connection show` upate jina la muunganisho, tuseme ni Hosteli, halafu:

`nmcli connection modify Hosteli wifi.cloned-mac-address 00:00:5e:00:53:2a`
`nmcli connection up Hosteli`

Hapo hata uwashe na kuzima mara ngapi inabaki, na ni kwa wifi hiyo tu, ukienda kwingine haikufuati.

Kuna wasomaji wengine wanapenda kujitungia anwani, sasa angalieni jozi ya kwanza. Jozi ziko 6, tatu za mwanzo zinaonyesha mtengenezaji na hugawiwa na IEEE (shirika la viwango vya kiufundi), kwa hiyo ya kujitungia jozi yake ya kwanza iishie na 2, 6, a au e, mfano 02 au 0a, maana hizo zimeachwa kwa matumizi binafsi. Ukianza na 01 au 03 kaneli inakataa, "Cannot assign requested address", kwa sababu hizo ni za kutuma kwa kundi, si za mashine moja.

Na hili naomba mnisikie vizuri: usichukue anwani ya mwenzio wa chumba cha pili eti kwa kuwa yeye kalipia. Mashine mbili zenye anwani moja kwenye mtandao mmoja zinanyang'anyana, mwenzio anaanza kukatikiwa katikati ya kazi zake na hajui kwa nini, kumbe ni wewe. Yako ya zamani ni haki yako, uliandikishwa nayo na pesa ulitoa.

Ikitokea draiva ya kadi (programu inayoiendesha) ikakujibu "Operation not supported" basi kadi hiyo haikubali, usihangaike nayo. Vyovyote iwavyo mtumie msimamizi meseji leo hii, mweleze ulichofanya na umpe anwani inayoonekana kwenye `ethtool -P`. Akishaiandikisha, rudia ile komandi ya modify ila mwishoni badala ya anwani andika `permanent`, kisha unganisha upya.