Maswali ya Wasomaji: Igizo la Ijumaa Kuu na lawama kwa Wayahudi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Vijana wa parokia yetu wanaandaa igizo la Mateso. Kuna mahali umati wote unapaza sauti: "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu." Mtoto mmoja ameuliza kama ndiyo sababu Wayahudi wamelaaniwa hadi leo. Nimjibuje? Na maneno hayo tuyaondoe?
Katekista, Morogoro

JIBU: Milele amina, Mwalimu. Mtoto mwambie hapana, bila kusitasita. Tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lililopitishwa tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88, linafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo, na kwamba wasionyeshwe kana kwamba Mungu amewakataa. Katekisimu, namba 598, inatuelemea sisi zaidi: Mkristo anayetenda dhambi huku akimjua Kristo ana hatia kubwa kuliko wao.

Maneno ya Mathayo 27:25 yaondoeni kwenye igizo. Kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, kimeigiza Mateso tangu 1634. Hitler alikwenda kutazama mwaka 1934 na baadaye akalisifu igizo hilo kwa jinsi lilivyowaonyesha Wayahudi. Huko nako kilio hicho kimeondolewa.

Kosa kubwa huwa kwenye mavazi. Yesu huvikwa kanzu nyeupe safi, umati ukavikwa vitambaa vyeusi, na mtazamaji akasahau kwamba Yesu, Maria na mitume wote ni Wayahudi. Wavike sawa na umati. Askari wa Kirumi ndio wavae tofauti, maana kusulubisha kulikuwa adhabu ya Warumi.

Umati nao ugawanyeni. Mkiwa na waigizaji 15, watano wapige kelele, watano walie kama wale wa Luka 23:27, waliobaki wasimame kimya. Katika Baraza la Wayahudi lililomhukumu Yesu awepo Yosefu wa Arimataya, ambaye Luka anasema hakukubaliana na uamuzi. Pilato msimfanye mpole aliyelazimishwa. Luka 13:1 inaeleza alivyowaua Wagalilaya. Na pale Yohane anapoandika "Wayahudi" akiwalenga wakuu, mswada useme "wakuu wa makuhani".

Hiyo ni ruhusa ya igizo tu. Masomo ya liturujia hayabadilishwi hata neno moja, kwa hiyo mwombeni padre afafanue kwenye mahubiri.

Someni pia pamoja, kwenye mazoezi, ombi la sita kati ya yale kumi ya Ijumaa Kuu, lile la kuwaombea Wayahudi. Zamani liliwaita Wayahudi "wasioamini", kwa neno la Kilatini lililosikika kama tusi, mpaka Papa Yohane XXIII alipolifuta neno hilo mwaka 1959. Ombi la leo linawataja kama watu ambao Mungu alisema nao kwanza.